Kabla Hujanunua Programu, Jifunze Kuhesabu Mashati

Leo nachokoza nyuki, na mzinga wenyewe ni wa wenzangu wa kompyuta. Nasema hivi: karakana nyingi za Changamwe, Kisauni na Likoni hazihitaji programu ya kupanga uzalishaji. Zinahitaji mtu anayejua kupanga uzalishaji. Hivyo ni vitu viwili mbalimbali, na wauzaji wa programu wananeemeka kwa sababu wateja hawaoni tofauti yake.

Mtanishangaa, maana mimi mwenyewe naandika programu kwa riziki yangu. Sina ugomvi na programu. Ugomvi wangu ni na uongo kwamba ukiiweka kompyuta ofisini, utaratibu utaingia wenyewe kama upepo wa kusi. Kuna karakana moja upande wa Kisauni (sitaitaja, haina haja) iliyonunua mfumo mzima, wenye rangi na michoro. Kila asubuhi mashine ya kuchapa inatoa orodha ya kazi za siku, na kila asubuhi orodha hiyo inafungiwa misumari. Mpango wa kweli uko kichwani mwa mwenye karakana na katika simu yake. Akiugua malaria siku tatu, kiwanda kizima kinaugua naye.

Basi tuanze pale ambapo muuzaji wa programu hataki uanzie: kwenye hesabu.

Kupanga ni nini, kudhibiti ni nini

Kupanga uzalishaji ni kujibu maswali manne kabla ya kazi kuanza. Tunatengeneza nini? Kiasi gani? Kwa tarehe gani? Kwa watu, mashine na vifaa gani? Kudhibiti ni kuuliza kila jioni: tulisema tutafanya nini leo, na tumefanya nini? Kisha kurekebisha kesho kulingana na jibu.

Ni hayo tu. Ukiona mtu anakuelezea jambo hili kwa saa nzima na hujasikia hata namba moja, shika mfuko wako.

Tuchukue mfano. Nimeubuni, lakini fundi yeyote wa nguo ataujua. Karakana ya Changamwe imepata oda ya mashati 600 ya sare za shule. Kila shati linapita hatua nne:

- Kukata: dakika 3, mkataji mmoja.
- Kushona: dakika 24, mafundi wanne.
- Matundu na vifungo: dakika 8, mashine moja.
- Pasi na kukunja: dakika 4, mtu mmoja.

Siku ina saa 8 za kazi, yaani dakika 480. Mwenye karakana anahesabu mafundi wake wanne: kila mmoja anashona mashati 20 kwa siku, wote pamoja 80. Mashati 600 gawa kwa 80 ni siku 7 na nusu. Anamwambia mwalimu mkuu, "Siku nane, bila wasiwasi." Arubuni inaliwa.

Sasa hesabu tena hatua kwa hatua. Mkataji anaweza mashati 160 kwa siku. Washonaji 80. Pasi 120. Na mashine ya vifungo? Dakika 480 gawa kwa 8: mashati 60. Karakana hii haitoi mashati 80 kwa siku hata mafundi wakishona kama majini. Inatoa 60. Oda ni ya siku 10, na ahadi ya siku nane ilivunjika siku ile ile ilipotolewa. Hakuna aliyejua tu.

Hatua ile ya vifungo ndiyo mlango mwembamba. Kila kiwanda kina wake, na kiwanda chote kinakwenda kwa kasi ya mlango huo. Eliyahu Goldratt aliandika riwaya nzima juu ya jambo hili mwaka 1984, The Goal, na mameneja wa dunia nzima wakaisoma kama ufunuo. Mtu wa Likoni hahitaji riwaya. Anavuka feri. Panua barabara ya kuteremkia kivukoni iwe na njia sita. Bado utavuka kwa kasi ya feri. Ulichopata ni foleni pana zaidi.

Dawa inayoongeza ugonjwa

Sasa tazama kinachofanyika karakana ikichelewa. Siku ya tano jioni yameshonwa mashati 400, yaliyotiwa vifungo ni 300, na lundo la 100 limekaa kando ya mashine. Mwenye karakana anaona amechelewa na anafanya kile kinachoonekana ni busara: anaajiri fundi wa tano. Washonaji sasa wanatoa mashati 100 kwa siku. Kufika siku ya saba jioni, mashati yote 600 yameshonwa, yenye vifungo ni 420, na lundo limekuwa 180. Oda inaisha siku ya 10, pale pale. Amelipa mshahara mmoja zaidi ili anunue lundo kubwa zaidi.

Angejua mlango mwembamba uko wapi, angetia saa 2 zaidi kwenye mashine ya vifungo peke yake tangu siku ya kwanza. Dakika 600 gawa kwa 8 ni mashati 75 kwa siku. Mashati 600 gawa kwa 75 ni siku 8 kamili. Ile ahadi ya siku nane ingetimia kwa saa 16 za ziada za mtu mmoja. Programu haikuhitajika. Mashine mpya haikuhitajika.

Hapa ndipo wazee wa kazi hunikatalia. Wanasema mashine isiyofanya kazi ni hasara, na fundi aliyekaa ni mvivu. Si kweli. Saa moja ikipotea kwenye kukata, hakuna shati lililopotea, kwa sababu mkataji ana nafasi ya kufidia. Saa moja ikipotea kwenye vifungo, mashati saba na nusu yamekwenda na hayarudi. Kumlazimisha kila mtu awe na shughuli muda wote ni kutengeneza malundo. Na lundo si mali. Lundo ni pesa yako iliyolala sakafuni ikingoja panya.

Lundo pia ni muda. Mwaka 1961 John Little alithibitisha kwa hisabati kanuni fupi sana: idadi ya vitu vilivyomo ndani ya mfumo ni sawa na kasi ya kutoka mara muda ambao kila kimoja kinakaa. Ukiwa na mashati 120 yanayongoja vifungo, na mashine inatoa 60 kwa siku, shati linaloingia leo kwenye foleni litangoja siku 2. Kazi halisi ya shati zima ni dakika 39! Mteja akikuuliza kwa nini shati la dakika 39 linachukua wiki, jibu liko sakafuni pale.

Mahamri na mita 550

Upande wa pili ni vifaa. Hapa ndipo wapishi wa mahamri wanawashinda wenye viwanda. Mpishi wa mahamri wa Kisauni anajua kilo ya unga inakula sukari kiasi gani, nazi ngapi, hamira kiasi gani, na inatoa mahamri mangapi. Orodha hiyo ndiyo msingi wa kupanga vifaa. Bila hiyo hakuna kitu cha kupanga.

Turudi kwa mashati yetu. Tuseme kila shati linakula mita 1.25 za kitambaa na vifungo 8 ukihesabu kimoja cha akiba. Mashati 600 yanataka mita 750 na vifungo 4,800. Stoo kuna mita 200. Basi unaagiza mita 550. Hii ndiyo hesabu ambayo Joseph Orlicky, mtu wa IBM, aliiandikia kitabu mwaka 1975, na ambayo bado imo ndani ya mifumo mingi ya bei ya gari inayouzwa leo. Ni kuzidisha na kutoa, kwa vitu elfu nyingi kwa wakati mmoja. Kwa vitu elfu nyingi, naam, nunua programu. Kwa kitambaa, uzi na vifungo, kalamu inatosha.

Lakini sikiliza vizuri: hesabu nzima imesimama juu ya ile "mita 200 ziko stoo". Je, ziko? Nani aliyepima? Lini? Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na kompyuta haikuibadilisha methali hiyo hata chembe. Kompyuta haina haya. Ukiipa namba ya uongo itaizidisha kwa usahihi wa ajabu na kukuchapishia kwa rangi.

Kisha hesabu tarehe kwa kurudi nyuma. Mwalimu mkuu anataka sare Jumatatu asubuhi, 5 Januari. Kazi ni siku 10 kwa mwendo wa kawaida. Toa Jumapili, toa 25 na 26 Desemba, toa 1 Januari. Rudi nyuma siku kumi za kazi kutoka Jumamosi 3 Januari: unafika Jumamosi 20 Desemba. Ongeza siku moja ya mwanzo, kwa sababu mashine ya vifungo haiwezi kuanza kabla mashati ya kwanza hayajashonwa: 19 Desemba. Kama kitambaa kinachukua siku 4 kufika na unajiwekea 2 za tahadhari, kiagize kabla ya 13 Desemba. (Na bado sijatoa muda wa sala ya Ijumaa. Wewe utoe.) Anayeanza kutafuta kitambaa Krismasi hana bahati mbaya. Hana hesabu.

Kreti tupu ya soda

Wenzangu waandishi wa programu hupenda kujisifu kwamba wanatumia kanban. Wana ubao wenye kadi za rangi, wanasogeza kadi kutoka kushoto kwenda kulia, wanajiona watu wa mbele. Waulize kanban imetoka wapi. Imetoka kiwandani, kwa Toyota, ambako Taiichi Ohno alichukua wazo kutoka kwenye maduka makubwa ya Marekani: rafu inajazwa pale tu mteja alipochukua. Tumeazima chombo cha watengeneza magari, na hatujawahi kuvuka geti la kiwanda kilicho mwendo wa matatu moja kutoka kwetu.

Hata hivyo, mwenye kibanda Mtongwe anaijua kanban tangu utotoni. Soda za chupa: unarudisha kreti tupu, unapewa iliyojaa. Huna kreti tupu, hupewi. Kreti zake ni tano, kwa hivyo soda zake haziwezi kuzidi kreti tano, hata muuzaji apige kelele vipi. Kreti tupu ndiyo agizo lenyewe. Hakuna simu, hakuna mfumo, hakuna nywila.

Chukua hilo ulipeleke kwenye mashati. Weka vikapu vinne kati ya washonaji na mashine ya vifungo, kila kimoja mashati 15. Vikijaa, washonaji waache kushona, wamsaidie wa pasi au wasafishe mashine. Lundo haliwezi kuzidi 60, yaani kazi ya siku moja. Vikapu vinne vimefanya kazi ambayo mfumo wenye rangi haukufanya.

Programu ya Ulaya na mwezi wa Ramadhani

Kuna jambo jingine linaloonyesha kwa nini kununua kabla ya kujifunza ni hatari hapa kwetu hasa. Programu nyingi hukisia mauzo ya kesho kwa kuangalia mwezi kama huu mwaka uliopita. Kwa duka la Krismasi la London, sawa. Sasa iweke kwa mshona kanzu wa Likoni. Mwaka wa Hijria ni mfupi kuliko wa kawaida kwa siku kama 11. Ramadhani ya 2020 ilianza mwishoni mwa Aprili. Ya 2025 ilianza mwanzoni mwa Machi. Programu isiyojua mwezi mwandamo itakuambia ujaze stoo Mei, wakati wateja wako wameshavaa, wamesali Idi na kanzu zimefuliwa.

Anayejua msingi wa kukisia ataona kosa hilo kwa dakika moja, na atapanga mauzo yake kwa miezi ya Hijria. Asiyejua ataiamini mashine, kwa sababu mashine imeletwa na kijana mwenye tai.

Udhuru wetu tunaoupenda

Najua mtakalosema: feri inachelewa, umeme unakatika, kontena limekwama bandarini. Kweli tupu. Lakini jambo linalotokea kila wiki si ajali, ni tabia ya mahali. Feri ya Likoni si siri. Andika kwa mwezi mmoja mzigo ulichukua muda gani kuvuka, kila safari. Utapata safari za haraka, za kawaida na za balaa. Panga kwa namba hizo. Mbele ya mlango mwembamba weka akiba ya kazi ya siku nzima, ili umeme ukikatika kwa mkataji, vifungo viendelee mara tu unaporudi.

Tena kuna wanaonijibu "inshallah". Hilo ni neno la imani na mimi pia nalisema. Lakini tumefundishwa tumfunge ngamia kwanza, ndipo tutegemee. Inshallah bila tarehe iliyohesabiwa ni kumsingizia Mungu uzembe wetu.

Na wale wanaosema haya ni ya viwanda vikubwa, nawajibu kinyume chake. Kiwanda kikubwa mtambo wenyewe unakilazimisha kupanga. Tanuri la saruji kama lile la Bamburi, ambako uzalishaji ulianza 1954, haliwashwi na kuzimwa kama jiko la makaa. Linaiva kwa joto la karibu nyuzi 1,450, na ukilizima ovyo utalipa. Kiwanda cha kusafisha mafuta cha Changamwe kilichofanya kazi kuanzia 1963 hadi 2013 hakingeweza kuamka siku moja bila kujua meli ipi inaleta mafuta ghafi na tangi lipi liko tupu. (Kusimama kwake kulikuwa na sababu nyingine, mtambo ulikuwa wa kizamani.) Mkubwa ana mtambo wa kumkemea na benki ya kumbeba. Mdogo hana vyote viwili. Oda moja ikichelewa, mtaji wake umekwenda. Yeye ndiye mwenye haja zaidi ya hesabu hii.

Nani analipa

Nimefika kwenye jambo linalonikera hasa. Mpango mbovu haulipiwi na aliyeupanga. Unalipiwa getini.

Pita Changamwe alfajiri uone watu waliosimama nje ya mageti wakingoja kuitwa. Leo wanaitwa 40, kesho 10, keshokutwa hakuna, halafu ghafla wote waje na walale huko huko kwa sababu oda imechelewa. Tunaambiwa hiyo ndiyo hali ya soko. Sehemu ni soko, kweli. Lakini sehemu nyingine ni kwamba hakuna aliyehesabu wiki hii inahitaji watu wangapi. Oda ya siku 10 iliyoahidiwa siku nane inazaa siku za kukaa bure na usiku wa kukesha, kazi ile ile, mashati yale yale. Kibarua amepoteza nauli ya kuja bure Jumatatu, na usingizi wa Ijumaa.

Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 37, inasema kibarua aliyefanya kazi mfululizo kwa jumla ya mwezi mmoja hahesabiwi tena kuwa kibarua wa kutwa. Wapo waajiri wanaoikimbia sheria hiyo kwa makusudi, nao wana hukumu yao. Lakini wapo wasioweza kumwahidi mtu mwezi mmoja kwa sababu hawajui kazi ya wiki ijayo. Kwa hao, ratiba ni haki ya mfanyakazi kabla haijawa faida ya tajiri.

Sasa fanya hivi

Vijana wa kompyuta, acheni kwa wiki moja ile programu ya kumi ya kuagiza chakula. Ombeni ruhusa katika karakana ya mtaani kwenu: mkate, vyuma, nguo, fanicha, chochote. Kaeni siku tano na saa ya simu. Pimeni kila hatua, mtafute mlango mwembamba, mhesabu malundo. Msiuze kitu. Mkimaliza wiki hiyo ndipo mtajua kama kuna programu ya kuandika, na itakuwa ndogo kuliko mlivyodhani.

Wenye karakana, nunueni ubao na chaki. Kila jioni, kwenye ule mlango mwembamba tu, andikeni namba tatu: mpango wa leo, tulichotoa, na jumla ya tofauti tangu oda ianze. Mpango 60, tumetoa 52, tuko nyuma 8. Kesho yake 60, tumetoa 55, tuko nyuma 13. Siku ya tatu mtajua kama mtachelewa, na mtampigia mteja simu ikiwa zimebaki siku saba, badala ya kuzima simu siku ya mwisho.

Fanyeni hivyo miezi mitatu. Namba zikishakuwa nyingi mpaka ubao hautoshi na mkono unachoka, nitafuteni. Siku hiyo nitawaandikia programu kwa moyo mweupe, kwa sababu mtakuwa mnajua cha kuiuliza. Akija muuzaji kabla ya hapo, muulizeni swali moja tu: "Katika karakana yangu, mlango mwembamba uko wapi?" Akianza kufungua kompyuta kabla ya kutazama sakafu, mpeni chai, mumsindikize stejini.